Kila noti yangu inaanza na "tok", ulimi nifanyeje?

Swali lenyewe: "Shikamoo mwalimu. Nina mwaka na nusu na saksofoni ya alto, kwa sehemu kubwa najifunza mwenyewe. Nikicheza noti za kuunganisha sauti inatoka safi, shida inaanza nikipiga ulimi, yaani nikianza kila noti kwa ulimi. Kila noti inakuja na kitu kama 'tok' mbele yake, noti za chini kuanzia C kushuka zinakwama au zinaruka oktava, na nikifika tempo 80 kwa noti nne kwenye biti moja ulimi unakakamaa kama ubao. Rafiki yangu kaniambia dawa ni dabo tangingi. Naomba msaada."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la rafiki yako maana ndilo jepesi: hapana, bado. Dabo, yaani kupiga kwa mbele na nyuma ya ulimi kwa zamu, haitibu ulimi mzito, itakupa ulimi mzito sehemu mbili, mbele na nyuma, alafu utakuja kuniuliza swali hilihili tena. Tutaifikia huko chini, ila kwanza tumalizane na hiyo "tok".

Naijua sana kwa sababu mimi mwenyewe niliishi nayo karibu miaka miwili bila kujua kama ninayo. Aliyenianzisha aliniambia sema "TU!" kama mtu anayetema ganda la mbegu, nami nikawa mtiifu, nikatema kwelikweli, kila noti naitema. Siku moja tukarekodi mazoezi ya bendi kwa simu, simu ikawekwa juu ya kiti karibu na mimi, tulivyokuja kusikiliza nikawa nasikia mtu anagonga meza wimbo mzima, nikauliza jamani nani alikuwa anagonga meza? Walicheka mpaka mpiga besi akakaa chini. Hakukuwa na meza.

Sasa tatizo linaanzia kwenye jina lenyewe. Tunasema "kupiga ulimi", basi mtu anapiga, na ukishaamini kwamba kazi ya ulimi ni kupiga utaupiga kwa nguvu zaidi kila unapotaka noti itoke vizuri zaidi, noti ya chini ikikwama unapiga zaidi, tempo ikipanda unapiga zaidi, mwisho wa siku ulimi umechoka na ncha yake inawaka moto. Ila angalia kinachotokea kule ndani ya mdomo. Ridi ni kipande cha mwanzi, ncha yake ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na kati ya ncha hiyo na ncha ya mausipisi, kile kipande unachotia mdomoni, kuna uwazi mdogo tu, kwa alto ni kama milimita moja na nusu mpaka mbili. Pumzi ikipita kwenye huo uwazi ridi inaanza kucheza, inafunga na kufungua. Ukicheza F shapu yenye funguo ya oktava kwenye alto yako ridi inafanya hivyo mara 440 kwa sekunde moja, kitu chembamba hivyo. Ulimi ukiigusa kidogo tu inafifia au inanyamaza kabisa. Ulimi ukiondoka inaanza tena, mradi pumzi ipo pale inasubiri.

Kwa hiyo noti inazaliwa pale ulimi unapoondoka kwenye ridi. Ukiielewa hiyo sentensi kwa mwili, sio kwa kichwa, nusu ya maswali yako yamejibika. Fikiria mpira wa maji, bomba limefunguliwa, wewe umeziba mdomo wa mpira kwa kidole. Ukitoa kidole maji yanaruka. Hakuna mtu anayesema kidole ndicho kilichosukuma maji, na hakuna anayepiga mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yatoke kwa kasi.

Chukua saksofoni sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Shika G ya kati, vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Weka ulimi kwenye ncha ya ridi, taratibu, alafu anza kupuliza huku ulimi ukiwa bado pale pale. Unatakiwa usikie upepo tu, "fsss", bila noti. Kaa hivyo sekunde mbili, pumzi inasukuma, ulimi umegusa. Alafu ushushe ulimi kidogo sana, kama milimita mbili hivi, usiurudishe nyuma kooni. Noti itatoka yenyewe na itatoka bila "tok". Rudia mara kumi. Kama ulipoweka ulimi hukusikia hata upepo, kimya kabisa, ujue umeibana ridi mpaka imefunga mausipisi, na hapo ndipo "tok" yako inapotengenezwa, yaani ridi inabandikwa kwa nguvu alafu inabanduka kwa kishindo. Punguza mpaka upepo upite. Watu wengi nikiwapa hili zoezi wanashangaa kuona ule mguso unaotosha ni mdogo kiasi gani, wanahisi kama wanadanganya.

Ulimi uguse wapi? Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati maana herufi zetu zinasaidia. Tamka "dada". Ncha ya ulimi inaenda kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, inagusa na kuondoka, haina papara. Ukiwa na mausipisi mdomoni ridi imekaa njiani, kwa hiyo ulimi unakutana nayo kabla haujafika ufizi, na sehemu inayokutana nayo ni pale juu kidogo nyuma ya ncha ya ulimi. Hapo ndipo. Sasa tamka "thelathini". Umeona ulimi unavyojitokeza katikati ya meno, umelala? Wengi wanaopata sauti nzito ya kufa wanacheza na "tha" bila kujua, ulimi unalamba ridi kwa eneo kubwa badala ya kugusa ncha, na kadri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo ridi inavyochelewa kuamka. Kwa hiyo "da" iwe nyumbani kwako kwa miezi ya mwanzo. "Ta" utaitumia ukitaka mwanzo mkali, "la" au "na" ukitaka mwanzo laini mpaka msikilizaji asijue ulimi umepita saa ngapi. Kuna watu wana ulimi mrefu, kwao ncha inakaa chini karibu na meno ya chini na sehemu ya kati ndiyo inagusa ridi, na wanacheza vizuri tu, kwa hiyo usibishane na umbile lako, bishana na sauti.

Kitu cha pili ni taya. Simama mbele ya kioo, cheza G ndefu, alafu gusa ridi mara nne taratibu huku unaangalia kidevu. Kama kidevu kinapanda na kushuka unatafuna, ulimi umeliita taya lije limsaidie kazi. Washa na tyuna, ile programu ya kupima noti, kwenye simu, mshale ukiyumba kila unapogusa ni ushahidi uleule, mkao wa mdomo unabadilika kila noti, na hakuna ulimi duniani utakaokimbia kama kila safari unabeba taya zima. Dawa yake ni ya kuchosha kidogo ila inafanya kazi, toa mausipisi peke yake, pulizia noti moja iliyonyooka, alafu iguse "da da da da" ukihakikisha ule mlio haupandi wala haushuki. Mausipisi haina pa kukuficha, ukiyumba kidogo inapiga kelele kama king'ora. Dakika tatu kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo watu wa nyumbani watakufukuza.

Sasa zoezi ambalo mimi naliona ni mama wa yote, na kama utachukua kitu kimoja kwenye hili jibu refu chukua hili. Metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, iwe 60. G ndefu, pumzi moja, biti nane. Usiwaze kwamba unacheza noti nane, waza kwamba unacheza noti moja ya biti nane na ulimi unapita kuikwaruza kidogo kila biti. Ikwaruze tu, usiikate. Mwanzoni mguso uwe mwepesi mpaka noti isikatike kabisa, iwe na kama kibonyeo, "daaalaaalaaalaaa". Pumzi haibadiliki, tumbo halirukiruki, koo limekaa wazi kama unapumulia kioo kukitia ukungu. Ukiweza hapo ongeza mguso kidogo kidogo mpaka noti zitengane, na uishie hapo hapo zinapotengana, usiongeze hata chembe. Hicho kiwango ndicho ulimi wako wa kila siku. Mimi nilipofanya hivi siku ya kwanza nilijikuta nasukuma tumbo kila noti, hu, hu, hu, hu, nikagundua kumbe pumzi yangu nilikuwa naikata vipande muda wote na ulimi unagonga juu yake, kazi mbili zinagombania noti moja. Weka mkono tumboni uone.

Noti za chini. Hapa kwanza tuondoe lawama kwa chombo. Anza G, shuka kwa kuunganisha bila ulimi, F, E, D, C, B, mpaka B flati ya chini. Zikitoka zote kwa kuteleza tu chombo chako ni kizima, pedi, vile vifuniko vya matundu, zinafunga, shida ni wewe. Zikigoma hata kwa kuunganisha, bila kubana vidole, mpelekee fundi aangalie pedi zinazovujisha kabla hujajitesa bure, maana pedi moja ikivuja huko juu noti zote za chini zinaumwa. Wewe umesema kuunganisha iko safi kwa hiyo nadhani tunajua jibu.

Ile B flati ya chini kwenye alto ni kama mitetemo 139 kwa sekunde, ridi inacheza polepole na hewa yote iliyo ndani ya bomba lote inabidi iamke nayo. Ukiigonga kwa nguvu unafanya mambo matatu kwa mpigo, unaibana ridi, unaliminya koo, na unalipandisha taya, na hayo matatu ndiyo hasa mtu anayafanya akitaka noti iruke oktava ya juu! Kwa hiyo saksofoni inakutii vizuri sana, wewe ndiye unayeiagiza vibaya. Fanya kinyume. Anza C ya chini bila ulimi kabisa, kwa "hu" ya joto, mpaka itoke mara kumi kati ya kumi. Alafu weka ulimi kama kwenye lile zoezi la upepo, puliza, subiri, ondoa. Mdomo ndani uwe na umbo la "o", kama unataka kupiga miayo ila kuna mgeni mbele yako unajizuia. Silabi iwe "do" badala ya "da". Ukimaliza C nenda B, alafu B flati, wiki nzima kama ni lazima. Usiikimbilie.

Mwendo. Kwa tempo 60 noti nne kwa biti ni noti nne kwa sekunde, tempo 90 ni sita, tempo 120 ni nane. Ukiangalia hizo namba utaona kutoka 80 kwenda 90 sio hatua kubwa ya misuli, ni kama noti mbili tu zaidi kwa kila sekunde tatu, kwa hiyo ulimi wako unaokakamaa kwenye 80 haujafika mwisho wa uwezo wake, umekakamaa kwa sababu unasafiri mbali na unapiga kwa nguvu. Ulimi wenye kasi ni ulimi wa karibu. Hauendi popote, unakaa pale pale milimita moja mbili kutoka kwenye ridi kama mtu anayesubiri mlangoni na viatu vimevaliwa.

Njia ninayoipenda ya kuongeza kasi ni vipande vifupi, sio kukaa dakika tano unapiga mfululizo mpaka misuli ife. Cheza noti nne za haraka na ya tano iwe ndefu: "dadadada-daaaa". Pumzika biti mbili, ulimi ulegee, tena. Tempo 72 kwa mfano. Mara nane safi, panda 76. Ukianza kusikia "tok" rudi ulikotoka, hiyo "tok" ndiyo mita yako ya mafuta. Wiki ya pili vipande viwe noti nane na ndefu moja. Na usifanye zaidi ya dakika kumi kwa siku, ulimi ni msuli, ukichoka unarudi kwenye tabia zake za zamani na unachofanya hapo ni kuzifanyia mazoezi tabia za zamani.

Kuna kitu hukuniuliza ila nina uhakika unacho, maana karibu kila mtu aliyenijia analalamikia ulimi nusu ya kosa lake lilikuwa kwenye vidole. Jaribu hivi, cheza noti moja tu, G, kwa tempo yako ya juu. Safi? Alafu cheza skeli ya C kwa tempo ileile kwa kuunganisha, bila ulimi. Safi? Sasa vitu vyote viwili pamoja. Kama kila kimoja kiko sawa peke yake na pamoja vinavurugika, ulimi na vidole haviamki saa moja. Na sehemu inayochafuka kwanza huwa ni C ya kati kwenda D, kwa sababu C ni kidole kimoja na D ni vidole sita na funguo ya oktava juu yake, vyote vinatakiwa kutua kwa pamoja ndani ya nafasi ndogo ambayo ulimi uko kwenye ridi. Ulimi ukiondoka mapema unasikia kinoti cha uongo katikati, "da-blu-da". Cheza C na D tu, mbili hizo, kwa ulimi, polepole mno, na usikilize vidole vinavyotua: viwe na mlio mmoja "pap", sio "pa-pa-pap". Nimeona watu wakitafuta mausipisi mpya kwa ajili ya hii kasoro, na ilikuwa kidole cha pete.

Stakato, yaani noti fupi zilizotengana, kwa ufupi. Usifupishe noti kwa kukata pumzi wala kwa kufunga koo, irudishe ncha ya ulimi kwenye ridi na pumzi iendelee kusukuma nyuma yake. Kwa maneno mengine ulimi unafunga noti hii na papo hapo umeshakuwa tayari kufungua inayofuata, "dat-dat-dat". Kati ya noti na noti kuna kimya lakini mwilini hakuna kimya, shinikizo lipo muda wote. Msikilize Maceo Parker aliyepiga na James Brown, noti zake fupi zinakata kama wembe lakini kila moja ina mwili mzima ndani, hiyo ni pumzi isiyolala. Noti ya mwisho ya sentensi hapo ndipo unapoiacha iishie kwa pumzi, ukiifunga kwa ulimi inaishia kama mtu amekatwa kauli, labda kama ndicho unachotaka.

Na hapa niseme jambo ambalo vijana wanaotaka kasi hawapendi kulisikia. Kwenye jazi hawapigi ulimi kila noti hata kidogo. Ukipiga kila noti ya swingi, ule mdundo wa jazi unaoyumba, inasikika kama mtu anasoma kwa kutaja herufi. Msikilize Paul Desmond, mpiga alto wa jazi, utatafuta ulimi uko wapi. Desturi inayotumika sana ni kugusa noti ile ya katikati ya biti na kuiunganisha na inayoangukia kwenye biti. Chukua skeli ya C, noti mbili kwa biti. Gusa C ya kwanza. Gusa D, teleza kwenda E. Gusa F, teleza kwenda G. Gusa A, teleza kwenda B. Yaani mguso unaangukia pale mguu wako uko juu, na mguu unaposhuka noti inakuja kwa kuteleza. Mwanzoni akili itagoma, itataka kugusa mguu ukishuka, siku ya nne ya tano inaingia, na ukishaipata huo mdundo unaanza kuyumba wenyewe bila kulazimisha. Ndio sababu nasema tempo 120 kwa noti nne zote zenye ulimi ni kitu kizuri kuwa nacho, ila wengi wenu hamtakitumia hivyo, utagusa nusu tu.

Ukishazoea hapo kuna noti za kivuli, zile zinazosikika kama zimemezwa. Ulimi unagusa ridi kwa pembeni au kwa wepesi kiasi kwamba ridi inaendelea kucheza ila imefunikwa, noti ipo lakini imenong'onwa, alafu ulimi unaachia na noti inayofuata inafunguka. Waalimu wa lugha nyingine wanahangaika kueleza hili. Sisi tunalo kila siku, tamka "nne", tamka "nta", ile "n" ya mwanzo ni silabi kamili yenye sauti wakati ulimi umeziba. Ndicho hicho hicho. "Da-n-da-n-da-n-da", ile "n" ni ulimi umelala kwenye ridi na pumzi inaendelea. Anza na D na E ya kati, ukisikia noti imekufa kabisa umebonyeza sana.

Haya, dabo. Ikifika siku umefika 110 au 120 kwa ulimi mmoja, bila "tok", bila taya, na kuna muziki unaotaka zaidi ya hapo, ndipo uianze. Silabi ni "ta-ka". Ta inagusa ridi kama kawaida, ka haigusi ridi kabisa, ni mgongo wa ulimi unagusa kaakaa kule nyuma na kuikata pumzi. Kwa mpiga tarumbeta au filimbi ni rahisi zaidi kwa sababu hawana kitu ndani ya mdomo, sisi tuna mausipisi imekaa sebuleni na ulimi hauna nafasi ya kujinyoosha. Kosa la kila mtu ni kuanza na takataka moja kwa moja, na inatoka takataka kweli, ta ina nguvu na ka ni hewa tu. Anza na ka peke yake kwa wiki mbili, "ka ka ka ka" kwenye noti za kati kama A na B, mpaka ikaribie kufanana na ta. Alafu geuza, cheza "kata kata kata" ili ka ndiyo ikae kwenye biti na ipewe heshima. Ukirudi kwenye "taka" utashangaa imenyooka. Kwa muziki laini tumia "daga". Chini ya D ya chini usiitegemee sana, ile ka inazivuruga zile noti kubwa, hata wazoefu wanazikwepa.

Kuna michezo mingine miwili utakutana nayo. Kutetemesha ulimi ni kuviringisha "rrrr" huku unapuliza, ulimi uwe karibu na ridi bila kuigusa, sauti inatoka kama mashine. Kama "r" yako ndefu haitoki, usijali, tumia "gh" ya "ghafla" ukaikokota, ile inayokwaruza nyuma ya koo, inafika palepale au karibu yake. Ya pili ni slapu, ambapo ulimi unajibandika kwenye ridi kwa eneo pana, unaivuta kama kikombe kinachonyonya, na ukibanduka ridi inarudi kwenye mausipisi kwa kishindo, "pok!". Miaka ya 1920 ilikuwa fasheni kubwa, mpiga saksofoni Rudy Wiedoeft alipata jina kwa ulimi wa haraka na mambo kama hayo, na hata Coleman Hawkins, gwiji wa saksofoni ya tena, alivyokuwa bado kijana kwenye bendi ya Fletcher Henderson alikuwa anaitumia, baadaye akaachana nayo akaenda kwenye sauti ile nene tunayomjua nayo. Leo inatumika sana kwenye muziki mpya wa klasiki. Ni tamu, ila wewe mwenye "tok" usiiguse mwaka huu, tunajaribu kukutoa huko.

Ridi, neno moja tu. Ikiwa ngumu kuliko uwezo wako, mfano umeruka kwenda namba 3 kwa sababu mtu kakuambia ndiyo ya wanaume, haitaanza bila kusukumwa na ulimi utarudi kupiga. Kwa mwaka na nusu, kwenye mausipisi ya kawaida ya kuanzia, 2 au 2.5 inatosha wengi. Na angalia ncha yake mwangani, ikiwa na ufa au kipande kimekatika hata kidogo kama punje ya mchanga, itupe, huwezi kujifunza mguso mwepesi kwenye kitu kilichovunjika.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza: upepo kwanza alafu achia, mausipisi peke yake, G ya kukwaruza kwa 60, C ya chini kwa "do", na vile vipande vya noti nne kuanzia 72. Rekodi kwa simu kila Jumapili, simu iwe mita mbili kutoka kwako, sio karibu na mdomo maana hapo utasikia kila kitu hata mate. Ukisikiliza usisikilize wimbo, sikiliza mwanzo wa noti tu. Alafu niandikie tempo uliyofikia kabla "tok" haijarudi, na uniambie kama kidevu kwenye kioo kilitulia, maana kama bado kinacheza nitakupa zoezi lingine tofauti kabisa.